Uvimbe wa Ziwa Unaorudi: Kipande Kilichokatwa Kiende Wapi?



Kwa muda sasa yametufikia maswali yanayofanana, mengine baada ya darasa za akina mama, mengine yakiletwa na waume kwa niaba ya wake zao. Mwanamke alipatikana na uvimbe kwenye ziwa. Akaenda akapasuliwa, uvimbe ukatolewa, akaambiwa hiyo ni tezi tu, arudi nyumbani apumzike. Kidonda kikapona vyema. Miezi minane au mwaka baadaye, pale pale penye kovu, uvimbe ukaota tena, na mara hii ukawa wakua mbio kuliko ule wa kwanza. Hapo ndipo jamaa wanapogawanyika. Shangazi asema ni kijicho. Mavyaa asema kisu ndicho kilichouchokoza, laiti usingaliguswa ungalikaa kimya. Mume ataka kujua kama daktari wa kwanza alimdanganya. Mgonjwa mwenyewe hana la kusema, kwani tayari moyoni amekwisha kujihukumu kuwa ana saratani.

Kijicho na husda twaamini kuwa vipo, wala hatukukusudia kuvijadili hapa. Lakini kabla ya kumtafuta mwenye jicho, yafaa tujue kwamba kuna aina ya uvimbe wa ziwa ambao tabia yake inayojulikana tangu zamani ni hiyo hiyo ya kukua haraka na kurudi mahali pake. Waganga wa hospitali huuita uvimbe wa filodesi. Ni nadra: haufiki hata mmoja katika kila uvimbe mia wa ziwa. Kwa sababu ya unadra huo, familia nyingi hazijapata kulisikia jina lake mpaka siku linapoandikwa kwenye karatasi ya mmoja wao.

Jina lilitolewa mwaka 1838 na mwanazuoni wa tiba wa Ujerumani, Johannes Müller. Alipoukata uvimbe wa namna hii katikati aliona ndani yake mikunjo iliyopangana kama majani, ndipo akalichukua neno la Kiyunani lenye maana ya jani. Bahati mbaya akaliunganisha na neno jingine lenye kutisha, sarkoma, ambalo kwa madaktari ni jina la saratani ya nyama za mwili, ilhali yeye mwenyewe aliuona kuwa uvimbe usio na madhara makubwa. Jina hilo refu lilisumbua watu zaidi ya karne moja: mgonjwa ameandikiwa sarkoma na daktari wake anamwambia asihofu. Siku hizi neno la kutisha limeachwa, limebaki lile la jani.

Sasa uvimbe huu ni nini hasa? Ziwa la mwanamke lina mifereji ya kupitishia maziwa, na kuizunguka mifereji hiyo kuna nyama laini inayoishikilia, ambayo kwa lugha ya vitabu huitwa tishu unganishi. Saratani ya ziwa tuliyoizoea kuisikia huanza kwenye ngozi ya ndani ya mifereji. Filodesi huanza kwenye ile nyama inayoishikilia. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobadilisha karibu kila kitu katika matibabu yake, kama tutakavyoona.

Ana ndugu yake wa karibu ambaye ni maarufu zaidi, nao ni uvimbe uitwao fibroadenoma. Huu ndio ule ambao akina mama huuita tezi ya ziwa, mgumu kidogo kama mpira, wateleza chini ya kidole, na huwapata sana wasichana na wanawake wa miaka ishirini na kitu. Hauna hatari, na mara nyingi huachwa bila kukatwa. Filodesi kwa mkono na kwa picha hufanana naye mno. Mwaka 2014 watafiti wa Singapore waligundua kwamba fibroadenoma nyingi zina badiliko katika jeni moja iitwayo MED12, na muda si muda badiliko hilo hilo likaonekana katika filodesi nyingi, kwa hiyo udugu wao ni wa kweli. Tuseme na hili hapa hapa, kwa kuwa twajua linaloulizwa kwa kunong’ona katika nyumba zenye mabinti wa kuposwa: badiliko hilo hutokea ndani ya uvimbe wenyewe. Si jambo ambalo mama humrithisha bintiye. Ziko familia chache mno zenye kasoro ya kurithi inayoleta saratani za namna nyingi tangu utotoni na ujanani, na hizo zina mambo yake. Lakini mwanamke aliyepata filodesi peke yake hana cha kuwaachia wanawe katika jambo hili, na asiyemwoza binti kwa sababu hiyo amedhulumu.

Shirika la Afya Duniani limezigawa filodesi mafungu matatu. La kwanza ni uvimbe mwema, na ndio wengi wao, zaidi ya nusu. La tatu ni uvimbe mbaya, yaani saratani. Katikati yake kuna fungu la mpakani, ambalo halikufika kuwa saratani wala si la kupuuzwa. Linaloyatenganisha mafungu haya halionekani kwa macho wala halipapaswi kwa vidole. Huonekana chini ya hadubini tu, na kwa sababu hiyo tumeandika makala haya.

Kwanza dalili, nazo hatutazikalia sana. Aghalabu mwanamke huwa katika umri wa miaka arubaini na kitu, ingawa wadogo na wakubwa wake nao hupata. Huona uvimbe usiouma, mviringo, wenye mabonge mabonge. Pengine alikuwa nao mdogo kwa miaka, umekaa kimya, kisha ghafula ukaanza kukua kwa wiki na miezi. Ukiwa mkubwa ngozi iliyo juu yake hunyooka, hung’ara, na mishipa ya damu huonekana chini yake kama ramani. Chuchu kwa kawaida haivutwi ndani. Kwa kuwa hauumi, na kwa kuwa buibui husitiri mengi, wako waliokaa nao mpaka ziwa moja likawa mara mbili ya jingine. Kwa mama anayenyonyesha husemwa ni maziwa yameganda, akakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Maziwa yaliyoganda huyeyuka kwa siku chache. Uvimbe uliokaa wiki mbili na haupungui si wa kukandwa, ni wa kuonyeshwa daktari. Kuchanja chale juu yake au kupiga chuku hakuutoi, na huacha kidonda mahali ambapo baadaye mpasuaji atahitaji ngozi safi. Anayetaka kusomewa na asomewe, atakaye kombe na anywe, maadamu yule anayemsomea hamzuii kwenda kupimwa. Akimzuia, huyo na aachwe.

Hospitali njia ya kupima ni ile ile kwa kila uvimbe wa ziwa. Daktari hupapasa ziwa na makwapa. Kisha hupigwa picha, ultrasaundi kwa wote na mamografia kwa waliotimiza umri wake. Picha huonyesha umbo, na pengine vijishimo vya maji ndani ya uvimbe, lakini haina uwezo wa kusema kwa yakini hii ni filodesi na hii ni fibroadenoma. Ndipo huja sindano. Iko sindano nyembamba inayovuta seli chache. Hiyo kwa uvimbe wa namna hii haitoshi, kwani hutoa seli zilizotawanyika na haionyeshi jinsi zilivyopangana. Iko sindano nene, hupigwa baada ya ganzi, ambayo hutoa vijinyama vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno. Hiyo ndiyo ya kuombwa.

Hata sindano nene ina mpaka wake. Filodesi haifanani pote. Upande mmoja waweza kuwa kama fibroadenoma ya kawaida na upande wa pili una seli zilizosongamana. Sindano ikiangukia upande wa upole, jibu litakuwa la upole. Ndiyo maana mara nyingine karatasi husema kwamba huu ni uvimbe wa jamii ya fibroadenoma na kwamba filodesi haiwezi kuondolewa katika hesabu. Jamaa wakilisikia jibu hilo hudhani maabara imeshindwa kazi yake. La hasha. Mtaalamu ametaja kile alichokiona, na maana yake kwa mgonjwa ni kwamba uvimbe huo utolewe wote ili usomwe wote. Vivyo hivyo uvimbe ambao sindano ilisema ni tezi tu lakini ukaendelea kukua miezi michache ijayo: jibu la zamani halitoshi tena, na mwenye nao arudi.

Tumefika kwenye kisu. Tezi ya kawaida hutolewa kwa namna ya kuibambua: mpasuaji hufungua ngozi, huufuata uvimbe pembezoni mwake, na wenyewe huchomoka kama kokwa ya embe iliyoiva. Kovu huwa dogo na ziwa hubaki na umbo lake. Filodesi nayo huonekana kuwa na ganda lake kama hiyo kokwa, na ndipo inapohadaa. Ganda lile ni nyama ya ziwa iliyosukumwa na kubanwa na uvimbe, na ndani yake vijidole vyembamba vya uvimbe vyaweza kuwa vimepenya. Ukiibambua, kokwa hutoka na vijidole vikabaki ndani. Baada ya miezi vijidole hivyo hukua. Hicho ndicho wanachokiita watu kisu kimeuchokoza. Kisu hakikuuchokoza. Kilichotokea ni kwamba haukutolewa wote, na asiyeutoa kabisa kwa kuogopa kisu angalikuwa na uvimbe ule ule, tena mkubwa zaidi.

Kwa hiyo filodesi ikijulikana mapema hukatwa pamoja na nyama nzima inayoizunguka. Kwa muda mrefu madaktari walihesabu sentimita 1 kila upande, kiasi cha upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Siku hizi, kwa uvimbe mwema, wengi wao huridhika ikiwa ukingo wa mkato ni safi hata kama ni mwembamba kuliko huo, na humwangalia mgonjwa badala ya kumpasua tena. Kwa ule wa mpakani na ule mbaya, ile sentimita bado hutafutwa, na ikikosekana mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Ziwa likiwa dogo na uvimbe mkubwa, pengine hakuna njia ila kuliondoa ziwa lote.

Mwaka 2012 wataalamu wa Hospitali Kuu ya Singapore walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 605 waliokuwa na filodesi. Walitaka kujua ni nini kinachotabiri kurudi kwake. Yakajitokeza mambo manne: jinsi sura za seli zilivyoharibika, idadi ya seli zilizokutwa zikigawanyika, kuzidi kwa tishu unganishi mpaka kuifunika mifereji, na hali ya ukingo wa mkato. Lenye uzito zaidi likawa hilo la mwisho. Msomaji na atulie hapa kidogo. Matatu ya kwanza ni tabia ya uvimbe, na binadamu hana analoweza kuyafanya. La nne ndilo pekee lililo mikononi mwa watu, na halijulikani mpaka kipande kilichokatwa kifike maabara na kusomwa.

Hapa ndipo tunapopoteza wengi. Upasuaji wa tezi hufanywa hata katika vituo vidogo, na si mara moja wala mbili tumesikia kwamba kipande kilitupwa, au kilitiwa kwenye kichupa akapewa mgonjwa akipeleke mwenyewe maabara na alipe mwenyewe, naye kwa kukosa fedha akakiweka nyumbani mpaka kikaoza. Kipande chapaswa kuingizwa mara moja ndani ya dawa ya fomalini, tena iwe nyingi kuliko chenyewe, kiasi cha mara kumi. Maji hayafai, barafu haifai, kitambaa hakifai. Mpasuaji mwenye hadhari hukishona nyuzi mbili tatu ili kuonyesha upande wa juu, upande wa kwapa na upande wa ngozi. Kule maabara mtaalamu hukipaka wino pande zote kabla ya kukikata, na baadaye chini ya hadubini huangalia kama uvimbe umeugusa wino ule au umekaa mbali nao, na kwa milimita ngapi. Ukiugusa, huenda kuna uliobaki mwilini. Ni kazi ya subira: nyama hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kupita unywele, hutiwa rangi, ndipo isomwe. Juma moja au mawili ya kungoja ni ya kawaida, wala si dalili ya habari mbaya.

Liko jambo jingine linalokizuia kipande kufika maabara, nalo latuhusu sisi watu wa dini zaidi kuliko madaktari. Jamaa huomba wapewe nyama iliyokatwa wakaizike. Nia yao ni njema. Katika fikihi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi hapa mwambao, kiungo kilichotengana na mtu aliye hai hakioshwi wala hakisaliwi, na inapendeza kukizika kwa heshima. Tulizingatie neno hilo: inapendeza. Halikuwa wajibu. Kuilinda nafsi ni wajibu, na jambo la kupendeza halitangulizwi mbele ya wajibu. Basi kipande kiende maabara kwanza. Kikishasomwa, wenye kutaka kuzika kilichosalia na waiombe hospitali kwa utaratibu wake. Ikiwa hospitali imekwisha kukiteketeza kama zilivyo kanuni zao, mgonjwa hana lawama. Vile vipande vidogo vilivyo ndani ya nta viachwe huko huko. Maabara huvihifadhi kwa miaka, na siku uvimbe ukirudi, au jamaa wakitaka mtaalamu wa pili ausome upya, hivyo ndivyo vitakavyoombwa.

Jibu likitoka, karatasi ni mali ya mgonjwa. Yaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo asitosheke na kuambiwa mlangoni kwamba si saratani, nenda. Akae kitako na daktari amuulize maneno manne: uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, ni filodesi au si filodesi, kama ndiyo, ni ya fungu gani katika yale matatu, na ukingo wa mkato ulikuwa safi kwa milimita ngapi. Swali la nne ndilo linalosahauliwa. Mwanamke aliyeambiwa kwamba si saratani ameambiwa kweli, lakini uvimbe mwema wa filodesi ulioachwa ukingo mchafu hurudi vile vile, na hakuna aliyemwonya.

Kurudi kwenyewe kukoje? Hesabu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Kwa uvimbe mwema ni kama mwanamke mmoja katika kumi, na kwa ule mbaya hupanda hadi mmoja katika watano au zaidi. Maana yake ni kwamba walio wengi hupasuliwa mara moja na hawauoni tena. Unaporudi, aghalabu ni ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na ni pale pale au karibu na kovu. Si kila kibonge cha kovuni ni filodesi, kwani mafuta ya ziwa yaliyojeruhiwa na kisu nayo huweza kuganda yakawa magumu kama kokoto, na saratani ya kawaida nayo yaweza kuzuka. Kwa hiyo kila kinachoota kipigwe picha na kuchomwa sindano upya, wala mtu asikisome kwa jibu la zamani. Uliorudi mara nyingi hubaki katika fungu lake, lakini uko unaopanda daraja, wa mpakani ukawa mbaya. Hiyo ndiyo sababu ya kutoungoja.

Tiba ya uliorudi ni kukatwa tena kwa upana zaidi, na pengine kuondoa ziwa. Kwa ule mbaya, na mara nyingine ule wa mpakani uliorudi, madaktari huweza kuongeza mionzi ili kupunguza uwezekano wa kurudi mahali hapo. Sasa ile tofauti tuliyoitaja mwanzo, ya kwamba filodesi haikuanzia kwenye mifereji, inatufaa. Saratani ya kawaida ya ziwa hupenda kupitia tezi za kwapani, na kwa hivyo tezi hizo hupimwa au hukatwa. Filodesi mbaya ikisambaa hupitia damu, na hufikia mapafu kwanza. Tezi za kwapa ni nadra sana kuguswa, kwa hiyo mgonjwa wa filodesi hahitaji kukatwa kwapa bila sababu maalumu, na huepushwa na mkono uliovimba maisha yake yote. Badala yake kifua ndicho hupigwa picha. Pia vidonge vya homoni ambavyo huenda jirani yake mwenye saratani anavimeza kwa miaka havimsaidii huyu, asiviazime. Dawa za kemikali za mishipani hutumika pale tu uvimbe mbaya umekwisha kusambaa, na kusambaa huko, tushukuru, ni kwa fungu la tatu karibu peke yake.

Kuhusu sitara tumeulizwa sana, nasi tutasema kwa ufupi. Mwanamke hutazamwa na daktari mwanamke akipatikana. Asipopatikana, au aliyepo hana ujuzi wa jambo hili, hutazamwa na daktari mwanamume, maharimu au mwanamke mwenzake akiwapo, na hufunuliwa kiasi cha haja. Haya ni mambo yaliyoandikwa katika vitabu vya fikihi tunavyosomesha watoto, si ruhusa mpya. Anayengoja miezi sita mpaka apatikane mpasuaji mwanamke, huku uvimbe unakua mbele ya macho yake, hakuamrishwa hivyo na yeyote. Hapa Mombasa mtu aweza kuuliza mapema pale Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, siku ya kliniki ya upasuaji, nani atakayemwona.

Na ziwa likiondolewa? Wako wanaodhani kutengenezewa ziwa jingine ni kubadilisha maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Kuliko katazwa ni kujibadilisha mwenye umbo timamu kwa ajili ya kujipamba tu. Kurudisha kilichoondolewa na ugonjwa ni tiba. Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani katika siku ya Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi mwanamke atakaye kuvaa ziwa la kutengenezwa ndani ya sidiria, au kufanyiwa upasuaji wa kulirudisha, hana dhambi, na asiyetaka hana upungufu. Waume twawaomba neno moja. Baada ya upasuaji wa namna hii mke hutazama uso wa mumewe siku ile ya kwanza bendeji inapofunguliwa, na atakachokiona usoni pake hatakisahau. Mume asitoke chumbani.

Wengi wa waume wa nyumba zetu wako Ughaibuni, Dubai au Doha, na mgonjwa huambiwa angoje bwana arudi likizo ndipo itiwe saini. Simu zipo. Na mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutia saini yake mwenyewe. Hospitali haidai ya mwingine, na sisi hatuijui hoja ya kisheria inayomtaka afe kwa adabu. Kuhusu gharama, aulize mapema ni nini bima yake ya afya inakilipia na nini hailipii, na aulize hasa kuhusu maabara, kwani mara nyingi jamaa huchangishana za upasuaji wakasahau kwamba kusomwa kwa kipande kuna bei yake. Ikibidi kuchagua, afadhali walima upungue.

Baada ya hapo hubaki kuangaliwa. Madaktari wengi hupanga mgonjwa aonwe kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, kisha mara moja kwa mwaka, wakipapasa kovu na kupiga picha inapobidi. Katikati ya miadi ajipapase mwenyewe kila mwezi siku chache baada ya kutoharika, akianzia kwenye kovu. Anayeolewa Lamu au kuhamia kwa mumewe Muscat aende na nakala ya karatasi ile pamoja na jina la maabara iliyohifadhi vipande vya nta, kwani daktari wa huko hakuuona uvimbe wa kwanza, na swali lake la mwanzo litakuwa ukingo ulikuwa safi kwa milimita ngapi.